Vidonge vya Dada

Kanisani, katikati ya wimbo, mdomo wa juu wa dada yake Earline ulianza kuvimba.

"Acha kunikodolea macho, Earline," dada akanong'ona. "Ni wale kamba tuliokula jana tu."

Wote wawili walikuwa kwenye utafiti wa kulinganisha dawa mbili za presha kwa watu weusi. Presha ya dada ilishuka, ya Earline ikagoma. Jumatatu, dada akiwa bafuni, Earline alitia vidonge vyake mwenyewe kwenye chupa ya dada, akachukua vya dada.

Muuguzi wa kanisa akavua glovu zake nyeupe, akaubonyeza ule mdomo taratibu.

"Mama, umebadilisha dawa yoyote?"

Dada akatikisa kichwa. Ulimi ulishaanza kumjaa kinywani.

"Amebadilisha," Earline akasema. "Ila yeye hajui."