Swichi ya Kitandani

Karavani ile, nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, fundi umeme aliiwekea taa mwenyewe. Mchana huo ndipo alipomwonyesha mkewe kwa mara ya kwanza, mapazia yamefungwa, ndani giza totoro.

"Tafuta swichi ya kitandani, mama watoto. Nimeificha!"

Mke alipapasa ukuta, rafu, kabati. Wapi!

Shoga yake, aliyefuatana nao na kulalamika njia nzima kwamba naye hajawahi kuiona karavani hiyo, aliangua kicheko. "Utapapasa mpaka kesho!" Akapenyeza mkono nyuma ya godoro bila hata kutazama. Taa ikawaka.

Kicheko kikamkatika. Ukucha wake mwekundu ulibaki juu ya swichi.

Mke aliutazama, kisha akasema kwa sauti tulivu.

"Zima, shoga. Halafu washa tena, nione ulivyozoea."