Mlango Unaohesabu Mioyo

Nyumba ya chumba kimoja na sebule pale Kijitonyama ilipangishwa kwa watu wawili tu, na mlango wake ulihesabu mioyo inayodunda ndani. Tangu mama mkwe wa Tunu aje mjini kutibiwa, kila asubuhi ulitangaza, "Watatu." Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kabla ya kufukuzwa.

Tunu alisimama na chai ya mgonjwa mkononi, roho juu.

"Wawili," mlango ukasema. "Asanteni kwa kufuata masharti."

"Alhamdulillahi!" Kibwana, mumewe, akapiga makofi. "Mashine imekosea hesabu! Mwamshe mama tumpe habari."

Tunu akatazama kochi, mama alipolala amejifunika khanga gubigubi. Akaiweka chai sakafuni.

"Mwamshe wewe, Kibwana."