Nusu ya Maumivu

Zama hizo mgonjwa wa lupasi hakuumia peke yake. Kinga ya mwili wake ilipougeukia mwili wenyewe, bangili mbili ziligawa maumivu: nusu kwake, nusu kwa mtu wa nyumbani aliyekubali kuyabeba. Kwa Atuganile, aliyekubali alikuwa mumewe, Ambakisye.

Jumamosi moja Ambakisye alialikwa kwenye harusi ya rafiki yake, Mbeya mjini. Alipofika ukumbini aliivua bangili, akaitia mfukoni, akacheza mpaka shati likaloa. Hakuwa amecheza tangu mkewe augue.

Jioni, alipofika getini kwake, aliivaa tena. Papo hapo vidole vilimuuma kana kwamba vimebanwa na mlango. Na hiyo ilikuwa nusu tu.

Alimkuta Atuganile ameketi sakafuni jikoni, mashavu yamemwiva, sufuria ya maharage imemwagika kando yake. Mikono ilikuwa imeshindwa kuishika.

"Pole, baba Lusekelo," alisema kabla mumewe hajafungua kinywa. "Leo ugonjwa umetuzidi. Mchana kutwa nilikuwa nawaza, kama mimi naumia hivi, mwenzangu huko harusini ana hali gani?"

Ambakisye alitaka kumwambia ukweli. Kilichomtoka ni, "Nilijikaza tu."

"Najua." Mkewe akajisogeza karibu. "Lete mkono niivue, upumzike. Leo nitayabeba yote mimi."

Alipaswa kukataa. Aliunyoosha mkono, naye Atuganile akaanza kuifungua bangili, polepole, kwa vidole vilivyovimba.