Firigisi ya Yeremia

Elinami hakuuamini hata kidogo wokovu wa jirani yake. Yeremia, yule yule aliyeng'oa miti ya mpaka wa shamba na kuapa kwamba atammaliza, leo amebisha hodi na sufuria ya wali na kuku.

"Ndugu yangu, Jumapili kuna Meza ya Bwana," alisema Yeremia. "Nitashirikije nasi hatujapatana? Tule pamoja."

Alipakua mwenyewe sahani mbili, akiwa amempa mgongo mwenye nyumba. Kwa nini ageuke? Elinami hakukipenda kile kisogo.

"Tuombe," akasema Yeremia, akafumba macho.

Walokole wapya huomba wee, hadi chakula kinapoa. Yeremia aliwaombea watoto wa Elinami kwa majina, akamwombea hata ng'ombe wake anayechechemea. Elinami aliitikia macho yakiwa wazi, huku mikono yake ikibadilisha zile sahani taratibu, bila mlio.

"Amina."

Yeremia alifumbua macho, akanyoosha mkono kula, na mkono ukasimama hewani. Mbele yake, juu ya wali, ilikuwa firigisi, kipande asichopewa ila mtu wa heshima. Alikuwa amemwekea mwenyeji wake.

Akamtazama Elinami. Elinami akatazama mlango.

Yeremia aliiuma firigisi nusu, akatafuna, akameza. Kisha akaunyoosha mkono hadi mdomoni pa Elinami, nusu iliyobaki ikidondosha mchuzi mezani, akangoja.