Gego la Mwalimu

"Ganzi ya nini? Ng'oa tu," Mwalimu alimwambia daktari wa meno, akajinyoosha kitini.

Msaidizi wa daktari, mfuasi wa Mwalimu kwa miaka mitatu, akaona fahari. Kundi lao la dini lilifundisha kwamba Mungu haumii: msalabani Yesu alionekana tu kama anaumwa, na Mwalimu naye hasikii maumivu. Kwa fundisho hilo msaidizi alikosana na mama yake, aliyeng'ang'ania, "Yesu wetu aliumia, mwanangu. Alilia."

Koleo likagusa gego.

"Mama yangu wee!"

Chozi likamtiririka Mwalimu. Msaidizi akalifuta kwa pamba. Lilikuwa la moto. Kicheko kikampanda, akakimbilia koridoni kupiga simu.

"Mama, Yesu wenu alilia kweli?"

"Sana, mwanangu."

"Basi nibakizie chakula. Nakuja."