Tuna Mimba

Mlango wa chumba cha kulala ulifungwa kwa ufunguo tena. Gonda akabaki sebuleni peke yake, akilikodolea macho bwawa la plastiki ambamo mjukuu wake alitarajiwa kuzaliwa.

Kila asubuhi na kila jioni, binti yake Jorinde na mkwewe Wiebe walijifungia humo na mashine ya presha. Kupima kunataka utulivu, walisema. Na Gonda, ilielekea, hakuhesabiwa kuwa utulivu.

Kwa kweli hakuwa. Alishasema kwa sauti kwamba mwenye presha huzalia hospitali, na mtaa mzima, pale mjini Zutphen, ulimsikia, kuanzia kwa muuza jibini. Lakini Jorinde alitaka kuzaa kama maumbile yalivyopanga: nyumbani, majini, mishumaa ikiwaka, bila dripu wala makoti meupe. Kliniki, kila alipopimwa, presha ilikuwa juu. Akashikilia kwamba ni hofu ya kliniki tu. Mkunga wao, Tjitske, hakupenda kumvunja mtu moyo. Akawapa mashine ya kupimia nyumbani, inayotuma majibu moja kwa moja kwenye simu yake. Yakibaki mazuri, Jorinde atazalia nyumbani. Yakipanda, ni hospitali, na uchungu wa kuanzishwa kwa dripu.

Mlango ukafunguliwa. Wiebe alitangulia kutoka, akishusha mkono wa sweta, uso umemtulia kama mtu aliyetoka kusali.

"Mia na kumi na nane kwa sabini na sita!" alitangaza. "Tunaendelea vizuri, mama. Tuna mimba yenye afya."

"Tuna?" Gonda aliuliza. "Ya kwako ina miezi mingapi, baba?"

Jorinde alicheka. Wiebe hakucheka. Alikuwa mmoja wa wale waume wa siku hizi wanaokwenda kwenye mazoezi ya wajawazito na kukalia mpira mkubwa bila aibu. Tangu mashine iingie nyumbani alikuwa ameacha kahawa, ameacha jibini, ameacha chumvi. Kabla ya kila kipimo alijilaza chali, akapumua kwa tumbo mpaka paka akaja kumnusa. Jorinde, kwa upande wake, alimshika samaki heringi wa chumvi mkiani, akainua kichwa na kumshusha kinywani na vitunguu vyake.

"Mbona yeye ndiye anayefunga na wewe ndiye unayekula?" mama yake alimuuliza.

"Ananisaidia kubeba," Jorinde alijibu, akilamba vidole.

Ndoa za siku hizi, Gonda aliwaza. Wakati wake mume alingojea chini na sigara, na hakuna aliyemnyima chumvi.

Akamwonea huruma mkwewe. Siku moja alimkuta Wiebe akikiinua kitanda juu ya magogo ili mkunga asiumie mgongo, jasho likimtiririka, mashavu yamebonyea. Gonda akamtumbukizia mfukoni pakiti ya peremende nyeusi, zile zenye chumvi maradufu.

"Kula, mwanangu. Mimba si yako."

"Siwezi, mama. Nimeahidi."

"Nani atajua?"

Wiebe aliutazama mlango. Kisha akala, moja baada ya nyingine, macho ameyafumba. Kuanzia hapo, kila Jorinde alipoingia kuoga, mama mkwe alileta pakiti nyingine na birika la kahawa nzito jikoni. Kijana akapata rangi. Gonda akajiona ameokoa angalau mtu mmoja katika nyumba ile.

Lakini majibu yakaanza kupanda. Kwanza kidogo, halafu si kidogo. Wawili wale walikaa muda mrefu zaidi nyuma ya mlango, wakinong'onezana.

"Pumua," sauti ya Jorinde ilisikika. "Pumua, mpenzi."

Hata kupumua hawezi peke yake, Gonda aliwaza.

Jumapili mchana simu iliita kabla hawajafungua mlango. Gonda hakungoja kukaribishwa. Alisukuma kwa bega mpaka Jorinde akamfungulia. Sauti ya Tjitske ilijaa chumbani kutoka kwenye simu.

"Jorinde, nimepokea mia na tisini na nane kwa mia na ishirini! Keti, usishuke ngazi. Gari la wagonjwa liko njiani."

"Lakini mimi najisikia vizuri."

"Wote husema hivyo. Presha kama hiyo inapasua mshipa wa kichwa, binti, na haibishi hodi."

Gonda alikuwa ameshinda ubishi wa miezi, na hakuona raha yoyote. Akaanza kutia nguo za mtoto kwenye mkoba. Wiebe alikuwa ameketi juu ya kitanda kile kilichoinuliwa, miguu ikining'inia, masikio mekundu kama bitiruti.

"Nenda tu, mpenzi," alimwambia mkewe. "Mimi nitakufuata kwa baiskeli."

Wahudumu wawili walipanda ngazi za ghorofa na machela, wakihema.

"Haya, mama kijacho, lala hapa taratibu. Usijikaze."

Jorinde alitazama, kupitia mlango uliokuwa wazi, bwawa lake pale sebuleni na mishumaa ambayo haijawashwa. Kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa ameinama kutafuta kiatu, mkono mmoja umeshika kisogo.

"Si mimi," alisema, akaisukuma machela kumwelekea Wiebe. "Mlazeni yeye. Mashine ile haijawahi kuugusa mkono wangu."