Rimu Zisizoingia

Mpima ardhi alichomoa kipande cha kadibodi kutoka ndani ya koti, akakisukuma ndani ya rimu mpya inayong'aa, kikakwama. Alitikisa kichwa kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji. Lilikuwa duka la tano wiki hiyo.

"Haziingii," akamwambia muuza rimu.

Muuza rimu alikuna kidevu. Hizo ni inchi kumi na nane, nati tano, na ameshawafungia watu watatu wenye breki kubwa kama zake, wote wako barabarani. Akamwambia achukue moja, aijaribu kwenye gari lake, kisha airudishe.

Mpima ardhi alimtazama kwa huruma. Kujaribu ni kazi ya watu wa kubahatisha. Yeye kwa miaka ishirini na mbili amewapimia watu viwanja, ameamua ugomvi wa ndugu kwa upana wa kiganja, na hajawahi kumwambia mtu ajenge kwanza ndipo aone kama nyumba itatosha.

"Bwana, mimi napima," akasema. "Hapa panapungua milimita mbili."

Akakirudisha kipimo chake kotini na kutoka kichwa juu.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, la kunguruma hata likipelekwa kununua mkate. Mwaka uliopita, katika mbio za kupanda mlima, liliingia kona ya nne na kutokea bondeni. Mpima ardhi alilala hospitali wiki saba, mguu ukining'inia hewani, mkewe akimlisha kwa kijiko na kulala kwenye benchi la korido. Mtu mwingine angeuza gari. Yeye alitafakari sana pale kitandani mpaka akagundua kosa lilikuwa wapi: breki zilikuwa ndogo.

Basi akaagiza breki mpya, zenye diski pana kama sinia, zimfae katika mbio za Jumamosi. Mkewe alilia siku mbili. Alimwomba kwa ajili ya watoto, akamwambia waziwazi kwamba anampenda na hataki kuwa mjane. Mpima ardhi alimsikiliza kwa upole, kisha akamweleza faida za diski zenye matundu. Siku ya tatu mkewe alinyamaza, naye akaridhika kwamba somo limeeleweka.

Breki zilipofungwa ndipo ikajulikana kwamba rimu za zamani hazizifuniki. Gari likabaki uani juu ya stendi nne, peku. Ndani ya sanduku la breki mlikuwa na mchoro wa kipimo: ukate, uusukume ndani ya rimu, ukiingia bila kugusa popote, rimu hiyo inafaa. Mpima ardhi hakati mchoro halisi hata akishikiwa bunduki. Ule halisi aliuweka kwenye faili, nakala iliyotolewa na mkewe kazini akaibandika kwenye kadibodi na kuizungusha mji mzima. Kijitabu cha breki kilisema inchi kumi na nane zinatosha, lakini hayo yalikuwa maneno tu, na yeye alikuwa na kipimo mkononi.

Duka la sita, zikakwama. La saba, zikakwama. Kufikia Alhamisi alikuwa ameanza kuwaeleza marafiki kwamba inchi za siku hizi si kama zile za zamani, kuna watu wanazipunguza viwandani. Marafiki waliitikia, kwa kuwa kumbishia kulimaanisha kusikiliza maelezo mengine.

Ijumaa jioni alipata rimu ya inchi kumi na tisa. Kadibodi iliingia vizuri, akakaribia kumbusu muuzaji. Bahati mbaya ilikuwa moja tu, ya kuonyeshea wateja. Za kutimiza gari zima zilitakiwa kuagizwa, na zingefika baada ya wiki sita.

Jumamosi wenzake walipanda mlima bila yeye. Mpima ardhi aliketi ndani ya gari lake pale uani, mikono kwenye usukani, akitazama ukuta. Mkewe alikuja na vikombe viwili vya chai, akafungua mlango wa pili, akakaa kando yake. Hakuwa ameketi humo tangu ajali. Alimshika mkono, na mpima ardhi akaona kwamba mwanamke huyu, kwa kweli, anamwonea uchungu.

"Usijali, mama watoto," akamwambia. "Wiki ya nane kuanzia leo kuna mbio nyingine. Rimu zitakuwa zimeshafika."

Mkewe alikunywa chai yake taratibu.

"Tena kadibodi yangu imechakaa kingo kwa kuingizwa na kutolewa," akaendelea. "Nataka nizipime hizo rimu kabla sijazipokea. Unaweza kunitolea nakala nyingine?"

"Mchoro niachie mezani, baba watoto. Jumatatu nitaupitisha kwenye mashine."

Mume akamshukuru kwa moyo wote. Hakuna jambo zuri kama mke anayeelewa kazi za kitaalamu.

Jumatatu asubuhi, kwenye duka la fotokopi, mke wa mpima ardhi aliulaza mchoro juu ya kioo cha mashine na kuunyoosha kwa viganja. Mwenzake wa zamu aliutambua, akasogeza kidole kwenye vitufe.

"Niukuze kwa asilimia tatu kama siku ile, dada?"

Mke wa mpima ardhi alifikiri kidogo, akihesabu kutoka inchi kumi na nane kwenda kumi na tisa.

"Safari hii," akasema, "weka tisa."